Kiinitete cha kifaru kinapokwama: dalili, chanzo na la kufanya

Desemba 2020, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, kifaru jike Fatu alitolewa mayai 14. Manane yalikomaa na kutiwa mbegu. Viinitete viwili tu ndivyo vilivyofika hatua ya kugandishwa. Agosti 2019, mara ya kwanza kabisa, yeye na mama yake Najin walitoa mayai 10. Saba yakakomaa, vikapatikana viinitete viwili, vyote vya Fatu. Agosti 2020 yalitoka 10 tena, na hakikupatikana hata kimoja.

Tunaanza na hesabu hizo kwa sababu anayeingia kwenye kazi hii ya kutunga viinitete vya kifaru maabara akitokea kwenye ng'ombe huona kila upotevu ni kosa. Kupoteza mayai 12 kati ya 14 si lazima kuwe na aliyekosea. La kutafuta ni hatua ambayo upotevu umezidi kawaida yake: mayai hayakutoka, yalitoka yakafa njiani, yalikomaa yakakataa mbegu, au yaligawanyika yakasimama. Kila moja ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho kiko hatua moja au mbili nyuma ya pale tatizo linapoonekana. Kiinitete kinachokufa siku ya sita kwenye maabara ya Avantea huko Cremona, Italia, huenda kiliumizwa na sindano Laikipia, au na miaka mingi ambayo mama yake alikaa bila kuzaa. Kwa hiyo karatasi ya kumbukumbu itembee na yai lenyewe. Kila linapobadilisha mikono, iandikwe saa, joto na jina la aliyepokea. Bila karatasi hiyo, mwongozo huu hautakufaa kitu.

Najin alizaliwa 1989 na Fatu 2000, wote katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki. Waliletwa Kenya Desemba 2009 pamoja na madume Suni na Sudan. Suni alikufa 2014, Sudan Machi 19, 2018. Wamebaki majike wawili wa kifaru mweupe wa kaskazini duniani kote, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba: Najin ana miguu dhaifu ya nyuma, Fatu ana ugonjwa kwenye mji wa mimba. Mayai ni ya Fatu, mbegu ni za madume waliokwisha kufa, na mimba inabidi ibebwe na kifaru mweupe wa kusini.

Jike haonyeshi joto la kutaka dume, au mzunguko wake haueleweki

Kabla ya kumshika mnyama, shika kinyesi chake. Chukua sampuli mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, kikiwa bado na mvuke. Vunja donge katikati, chota kiasi cha kujaza kiganja kutoka ndani, pale ambapo hapajagusa udongo, changanya, kisha gandisha kwenye nyuzi −20 ukiwa umeandika jina, tarehe na saa. Vifaru hunya mahali pamoja, na dume hutawanya mavi kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo sampuli ambayo mlinzi hakuona ikitoka kwa jike mwenyewe itupwe. Grafu nyingi zenye mabonde yasiyoeleweka ni za wanyama wawili waliochanganywa kwenye mfuko mmoja.

Kinachopimwa ni mabaki ya projesteroni, homoni ya uzazi. Usitoe uamuzi kabla ya miezi mitatu, kwa kuwa kifaru mweupe ana mizunguko ya aina mbili: mfupi wa siku 30 hadi 35, na mrefu wa siku 65 hadi 70. Mrefu ukijirudia, shuku kiinitete kilichotunga kikafa mapema, au maambukizi kwenye mji wa mimba. Mstari ukiwa bapa, hakuna folikuli (kifuko cha yai kwenye ovari) inayopasuka, na hapo ndipo ultrasaundi kupitia puru inahitajika.

Chanzo kinachosahauliwa zaidi ni umri wa kukaa bila mimba. Porini, jike hubeba mimba ya miezi 16 hivi, ananyonyesha, kisha anabeba tena. Ovari zake hupumzika kwa muda mrefu. Jike asiyezaa huingia joto mara kwa mara kwa miaka, na homoni zake mwenyewe hushinda zikiuchochea mji wa mimba usiopewa kazi. Matokeo yake ni vivimbe vya maji kwenye utando wa ndani, kisha uvimbe kwenye misuli na shingo ya kizazi. Najin aliondolewa katika kazi ya kutoa mayai Oktoba 2021 baada ya tathmini ya kimaadili. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha uvimbe kadhaa usio saratani kwenye shingo ya kizazi na mji wa mimba, na kivimbe kikubwa cha majimaji kwenye ovari ya kushoto. Hali hiyo haina sindano ya kuiondoa. Dawa ni kuhakikisha majike wadogo wa kusini walioko mikononi mwetu leo wanazaa mapema.

Kwa wanyama wa bustani, angalia pia hori. Soya na alfalfa zina kemikali za mimea zinazofanana na estrojeni, na utafiti uliofanywa San Diego ulizihusisha na uzazi hafifu wa majike wa kusini waliozaliwa kifungoni. Soma mfuko wa chakula cha tembe, maana soya mara nyingi imo humo. Na kama dume na jike wamekulia zizi moja tangu utotoni, badilisha dume kabla ya kubadilisha homoni.

Mayai yanayopatikana ni machache

Ovari ya kifaru iko mbali ndani ya mwili, mkono haufiki. Sindano ndefu hupitishwa kwenye puru ikiongozwa na ultrasaundi, hutoboa ukuta wa utumbo, kisha huingia kwenye folikuli moja baada ya nyingine. Mishipa mikubwa ya damu iko jirani kabisa. Jike huandaliwa kwa homoni ili folikuli nyingi zikue pamoja, na kati ya uvunaji mmoja na mwingine huachwa miezi mitatu au zaidi.

Kama ultrasaundi ilionyesha folikuli za kutosha lakini mayai hayakutoka, tatizo liko kwenye kusafisha. Farasi, ndugu wa karibu wa kifaru, ana yai lililonatia ukutani mwa folikuli kwa kitako kipana, si kama la ng'ombe linalochomoka kwa mvuto wa mara moja. Kwa hiyo tumia sindano ya njia mbili, moja ya kuingiza maji na nyingine ya kunyonya, na kila folikuli ijazwe na kunyonywa mara nyingi huku ncha ikizungushwa ikikwangua ukuta. Maji yawe na joto la mwili na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Chujio likijaa mabonge mekundu, heparini haitoshi au mshipa umetobolewa, na yai limefungwa ndani ya bonge. Usilitupe bonge hilo. Lifungue taratibu kwenye sahani chini ya hadubini. Yai lenye seli zake za nje huonekana kama punje ndogo iliyozungukwa na ukungu, na ni rahisi sana kulipita.

Mvuto wa pampu nao uangaliwe. Mayai yakitoka yako uchi kabisa, bila seli za kuyazunguka, pampu inavuta kwa nguvu mno au mrija una kona kali.

Na kama folikuli zenyewe ni chache? Rudi kwenye homoni: tarehe za sindano, namna dawa ilivyohifadhiwa njiani, na kama dozi ya mshale iliingia kweli kwenye msuli au ilimwagikia ngozini. Ngozi ya kifaru ni nene, sindano fupi huishia humo humo.

Mnyama anatatizika chini ya dawa ya usingizi

Hili halina subira. Etofini humlaza kifaru haraka, lakini pia hupunguza pumzi. Oksijeni ya damu hushuka, hewa ukaa hupanda, na misuli hutetemeka. Mrija wa oksijeni uwe puani tangu mwanzo, na damu ipimwe gesi kila baada ya muda. Butofanoli husaidia kupunguza mtetemo na kurudisha pumzi. Uzito wa mnyama huu hukandamiza misuli yake mwenyewe, kwa hiyo magodoro yawekwe chini na miguu isogezwe kila dakika 20 hivi. Macho yafunikwe, masikio yazibwe. Anzeni alfajiri. Jua la Laikipia la saa tano ni hatari zaidi ya vyote vilivyotajwa hapa.

Naltreksoni ya kumwamsha iwe tayari kwenye bomba la sindano kabla mshale haujapigwa. Nyingine iwekwe kwa ajili ya watu. Tone la etofini kwenye kidonda cha mkono linaweza kumuua mtu, na kila aliyepo ajue dawa ya kupingana nayo iko mkoba upi.

Pumzi ikikataa kupanda, acheni kuvuna, hata kama folikuli bora bado zimebaki. Fatu ni mmoja tu.

Mayai yamefika maabara, hayakomai

Mayai hayo huvunwa yakiwa machanga. Kazi ya chombo cha safari ni kuyaweka katika utulivu, yasianze kukomaa njiani wala yasipoe. Mayai ya farasi huvumilia usiku mzima kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 22, na safari ya mayai ya kifaru kutoka Nanyuki kupitia Nairobi hadi Ulaya, ya karibu saa 24, imejengwa juu ya uvumilivu wa namna hiyo.

Weka kirekodi joto ndani ya sanduku, si kwenye kifuniko. Fungua data yake kabla hujafungua mayai. Mstari ulioshuka ghafla kwa saa moja unaonyesha sanduku liliachwa kwenye sakafu ya ghala la mizigo. Ulioshuka taratibu unaonyesha betri. Ulio sawa kabisa unakurudisha nyuma kwenye sahani ya kutafutia mayai, ambako mara nyingi maji yalipoa wakati mtu mmoja akitafuta peke yake. Wekeni watafutaji wawili na bamba lenye joto.

Kuhusu vibali: ruhusa za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, za kutoa na kuingiza ziwe zimekamilika kabla ya tarehe ya dawa ya usingizi kupangwa. Hakuna udhuru wa kuvuna mayai ya mnyama wa namna hii halafu yakasubiri muhuri.

Yai lililokomaa hutambulika kwa kijichembe kidogo kinachochomoza pembeni baada ya seli za nje kuondolewa. Kama chini ya nusu ya mayai yanakionyesha mara mbili mfululizo, na mstari wa joto ni mzuri, shuku maji ya kukuzia au umri wa jike.

Mbegu hazisogei baada ya kuyeyushwa

Mara nyingi zilikufa siku ile zilipokusanywa. Shahawa za dume aliyelazwa na kuchochewa kwa umeme hutoka kwa mafungu. Kila fungu lipokewe kwenye kikombe chake. Fungu la manjano lina mkojo, nao huua mbegu kwa dakika chache. Ukimimina yote kwenye chombo kimoja umeharibu hata yale mazuri. Fungu zito linalovutika kama uteute wa bamia halichanganyiki na kinga-baridi, maji ya kuzilinda mbegu zikigandishwa; kimeng'enya cha alfa-amilesi kimesaidia kulilainisha.

Kama shahawa zilikuwa nzuri kwenye daftari la zamani na leo ni mfu, chunguza mtungi wa nitrojeni. Pima kina kwa kijiti kila wiki na uandike. Mrija wenye mbegu usipandishwe juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde chache, hata kama unatafuta lebo. Joto likipita nyuzi −130 fuwele za barafu huanza kukua, na hata ukiurudisha mrija mara moja madhara yamekwisha kutokea bila alama yoyote ya nje. Ndiyo maana ramani ya mtungi iwe kwenye karatasi, isiwe kichwani mwa fundi mmoja.

Mbegu zisizosogea si zote zimekufa. Kwa kuwa mbegu moja tu hudungwa moja kwa moja ndani ya yai, unahitaji chache zilizo hai. Ziweke kwenye maji yenye chumvi kidogo. Zile zenye utando mzima hujikunja mkia. Chagua hizo. Wala usiyeyushe mrija mzima kwa mayai matatu. Ukate ukiwa ndani ya nitrojeni, chukua kipande, kingine kirudi mtungini. Mbegu za Suni, Saut na Angalifu, madume waliokwisha kufa, hazitaongezeka tena.

Kabla ya kuchagua dume, fungua daftari la nasaba. Fatu ni binti wa Saut.

Yai limetiwa mbegu, halikugawanyika. Au limegawanyika likasimama

Hizi ni dalili mbili, zisichanganywe. Yai lisilogawanyika kabisa huenda halikuamshwa. Mbegu ya zamani hupoteza kemikali inayoliambia yai lianze kazi, na baadhi ya maabara huliamsha kwa ionomisini. Au mkia wa mbegu haukuvunjwa kabla ya kudunga. Au sindano iliusukuma utando wa yai bila kuupasua, mbegu ikabaki kwenye mfuko. Kitetemeshi cha pizo kwenye sindano huondoa shida hiyo.

Kiinitete kinachosimama kati ya seli 4 na 16 kina habari nyingine. Hapo ndipo kinapoacha kula akiba ya yai na kuanza kutumia jeni zake. Akiba ikiwa hafifu, au jeni za baba zimekatika, kinasimama. Kujua ni nani mwenye tatizo, tumia mbegu za dume huyo huyo kwenye mayai ya jike wa kusini. Yakiendelea vizuri, angalia upande wa yai. Kabla ya hayo yote thibitisha gesi: hewa ukaa asilimia 5, oksijeni asilimia 5, zikipimwa kwa kifaa cha pembeni, si kwa kioo cha mashine yenyewe.

Msitupe mapema. Viinitete vya kwanza vya Fatu viligandishwa baada ya siku 10 hivi. Vya ng'ombe huwa vimemaliza siku ya saba, na aliyezoea ng'ombe anaweza kufunga jalada la kiinitete kilicho hai.

Kiinitete kimehamishwa, mimba haikushika

Hapa ndipo kazi ilipokaa muda mrefu kuliko kote. Mimba ya kwanza ya kifaru iliyotokana na kiinitete cha maabara ilipatikana baada ya majaribio 13. Viinitete vilikuwa vya kifaru wa kusini, viwili, na vilihamishwa Ol Pejeta Septemba 24, 2023 kwa jike aitwaye Curra. Kuanza na vya kusini kulikuwa uamuzi sahihi, maana hadi Januari 2024 vya kaskazini vilikuwa 30 tu duniani, na huwezi kujifunzia navyo.

Cha kwanza kuchunguza ni siku. Mji wa mimba hupokea kiinitete cha umri wake tu. Jike wa porini hakai kwenye mashine kila asubuhi, kwa hiyo dume tasa hutumika kuonyesha joto: anapompanda ndipo siku zinaanza kuhesabiwa. Kifaru hupanda kwa muda mrefu, nusu saa na zaidi, kwa hiyo mlinzi mwangalifu hawezi kukosa kuona, ila aandike saa palepale na si jioni. Maabara ikiambiwa "juzi hivi", kiinitete kimekwisha kupotea.

Pili, utasa wa dume huyo. Mbegu zilizobaki kwenye mirija baada ya upasuaji huweza kudumu kwa muda. Shahawa zake zipimwe hadi zionekane tupu, zaidi ya mara moja. La sivyo mnaweza kusherehekea mimba ambayo haikutoka maabara.

Tatu, njia. Shingo ya kizazi ya kifaru ina mikunjo migumu inayoingiliana, na katheta (mrija wa kupitishia kiinitete) ya ng'ombe haipiti. Kila baada ya uhamishaji, suuza katheta na utazame maji yake chini ya hadubini. Kiinitete kilichobaki kwenye mrija ni chanzo cha kawaida cha kushindwa, na ndicho rahisi kuliko vyote kukithibitisha.

Nne, mji wa mimba wenyewe. Jike mbebaji awe amekwisha kuzaa. Maji yakionekana ndani yake kwenye ultrasaundi siku ile, ahirisheni, kigandisheni kiinitete tena au mpelekeeni mwingine.

Usithibitishe mimba kwa kinyesi peke yake katika mwezi wa kwanza na wa pili, kwa kuwa projesteroni ya mimba changa haitofautiani na ya mzunguko mrefu. Ultrasaundi ndiyo shahidi.

Mimba imeshika, kisha imepotea

Kwa kifaru wa Sumatra, Emi wa bustani ya Cincinnati, Marekani, mimba kadhaa zilitoka kabla hajapewa projestojeni kwa mdomo. Andalas alizaliwa Septemba 13, 2001. Mimba ikitoka mara mbili kwa jike yuleyule katika umri uleule, fikirini njia hiyo. Ikitoka mara moja tu, chunguzeni maambukizi kwanza.

Curra hakupoteza mimba, alikufa nayo. Mvua kubwa za Novemba 2023 zilifukua mbegu za bakteria wa klostridia udongoni, na dume tasa wa kuonyesha joto naye akafa. Tumboni mwa Curra kulikutwa kijusi cha kiume cha siku 70, urefu sentimita 6.4, kikiwa kimekua vizuri. Kwa hiyo katika mpango wa uhamishaji, chanjo ya klostridia, uchambuzi wa udongo wa zizi na mkondo wa maji ya mvua viandikwe kwenye ukurasa uleule wa homoni. Mfereji wa kuzuia maji ni kifaa cha uzazi kama ilivyo katheta.

Mnyama akifa, hata kama ni usiku, timu ya kufungua mzoga ifike ndani ya saa chache. Ovari zitoke kwanza, ziwekwe kwenye maji ya chumvi masafi kwenye chombo cha joto la chumba, zisitiwe barafu kama mayai yatatolewa ndani yake. Kwa dume, korodani na mirija yake. Kisha mji wa mimba. Kisha kipande cha ngozi ya sikio, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, kwenye maji ya kukuzia seli: seli za ngozi ndizo zilizowezesha seli shina za kifaru Nabire, aliyekufa Ucheki mwaka 2015. Kwenye kila lebo andika jina, saa ya kifo, saa kiungo kilipotolewa, na joto la chombo.